Mnunuzi wa Tororo aliyetaka kuona mgongo wa gitaa langu tu

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Yamenikuta mwenyewe na mke wangu ni shahidi, tena shahidi mwenye hasira.

Mimi ni fundi simu, na wikendi napiga gitaa kwenye harusi na ibada. Gitaa lenyewe ni la umeme, rangi ya krimu, aina wanayoita vintage. Yaani limetoka kiwandani likiwa limezeeshwa makusudi, rangi imebanduka pembeni utadhani lilipigwa na babu yako.

Mwezi uliopita mke wangu, Nekesa, alipata oda ya sare za shule. Bahati mbaya mwenye cherehani aliyokuwa ameiazima akasema anaitaka Ijumaa. Tukakubaliana gitaa liuzwe, tununue cherehani yetu.

Sasa huku kwetu kila chombo cha muziki huandikwa jina mgongoni. Vinaazimwa kanisa hadi kanisa, na kisicho na jina hakirudi. Langu lilikuwa limeandikwa NEKESA kwa rangi nyekundu ya kucha, tangu enzi za uchumba.

Nikaona jina litashusha bei. Nikalisugua kwa msasa, nikapiga picha, nikapost online.

Nekesa sikumwambia.

Wateja walikuja wa kila aina, wengi wakitaka kubadilishana na simu mbovu. Halafu akaja Othieno wa Kisoko, kule Tororo, upande wa Uganda.

Huyu hakuomba kupunguziwa. Wakuu, mtu wa mpakani asiyeomba kupunguziwa ni wa kuogopwa. Hakuuliza sauti, hakuuliza nyuzi. Alitaka picha ya mgongo. Nikatuma. Akataka nyingine, ya karibu zaidi. Profile yake ilikuwa na picha ya ng'ombe.

Mwisho akasema nimletee Tororo mjini.

Nikajua nakwenda kuporwa. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa, nikaenda. Nilichagua saa sita mchana, nje ya duka lenye watu, na nikamwagiza Nekesa anipigie kila baada ya saa moja. Nisiposhika, ajue nimekwisha.

Nilimkuta Othieno na watu wawili: mama wa makamo, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, na mzee mwenye faili na muhuri, mwenyekiti wa kijiji. Nikajisemea, matapeli wa siku hizi wanatembea na timu kamili.

Yule mama alilaza gitaa kifudifudi, akapitisha kidole pale nilipopiga msasa.

"Hapa iliandikwa nini?"

Nikasema jina la mke wangu.

"Sisi gitaa yetu iliibiwa kanisani, rangi kama hii. Jina ya kwaya ilikuwa hapa hapa," akasema. "Mtu gani anafuta jina ya bibi yake?"

Hapo nikaelewa. Siku zote namshuku yule jamaa, kumbe yeye ndiye ananishuku mimi, tena ana sababu kunishinda. Niliogopa kweli. Watu wa dukani walikuwa wameanza kusogea, na mwizi wa vitu vya kanisa huku hangojewi polisi.

Simu ikalia. Ilikuwa Nekesa, saa yake imefika.

Mwenyekiti akaichukua, akaweka loudspeaker, akanikataza kutia neno. Akamuuliza kwa upole mgongo wa gitaa la mumewe umeandikwa nini.

"Nekesa," akajibu bila kufikiri. "Kwani amelifuta?"

Yule mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kwaya bado ilikuwa haina gitaa, wakaamua kulichukua. Mwenyekiti akaandika karatasi ya mauziano, tukatia sahihi, akagonga muhuri. Na hapo ndipo Othieno alipokumbuka kuomba kupunguziwa.

Nilirudi nyumbani na cherehani nikidhani nimesamehewa. Nekesa alichukua rangi ya kucha, akaandika jina lake kwenye cherehani kwa herufi kubwa, akaanza kushona.

Nilichojifunza: ukiuza kitu kilichotumika, acha jina lilipo, ndilo litakalokutetea. Na mteja akikutia wasiwasi, jiulize wewe unamtia wasiwasi gani.

Mliowahi kufuta jina la mtu mkasamehewa, tupeni mbinu hapa chini. Mimi ni wiki ya tatu sasa.

Halafu msasa wangu siuoni tangu siku ile.