Daftari la Salongo

Kosa langu lilikuwa kuita majina. Wengine waliamua, wengine walifyatua risasi, lakini majina niliita mimi, na dada yangu alichelewa kuitika.

Tuliishi juu kidogo ya Burungu, kwenye kilima ambacho babu zetu walikilima kabla hakijazungushiwa seng'enge. Siku zile, kabla vita havijatuhamisha tena, juu palikuwa na ng'ombe wa mtu wa Goma ambaye sikuwahi kumwona. Chini, kwenye mteremko wenye mawe, alituachia kila nyumba kipande cha kupanda maharage, nasi tukamlipa kwa kumlimia kila Jumanne. Kazi hiyo tuliiita salongo. Kapita wake, yaani msimamizi, alinikabidhi daftari kwa sababu nilikuwa na diploma ya sekondari na kalamu ya biki inayoandika. Aliyeitika aliwekewa alama. Asiyekuwapo alipata sifuri, na sifuri tatu zilitosha kipande chake kupewa mwingine. Sheria nyingine ilikuwa yetu wenyewe: anayechelewa analima mstari wa ukingoni, kando ya barabara, ambako udongo umekanyagwa ukawa mgumu. Nilikuwa mkali. Watu walisema nikishika daftari hata mama yangu namwita kwa jina la ubatizo, na ni kweli, nilikuwa nafanya hivyo.

Mwaka ule kapita alitangaza kwamba baada ya mavuno hata mteremko wetu utakuwa malisho. Tuliandika barua kwa shefu wetu wa jadi, tukaandika kwa ofisi ya teritwari, yaani wilaya, hakuna aliyejibu. Ikakubaliwa, nje ya kanisa, kwamba Jumanne twende wote kama kawaida, ila tulime juu, ndani ya malisho, tupande maharage yetu. Hakuna panga, hakuna jiwe. Tuliamini, na nasema hili kwa aibu, kwamba mtu anayelima hapigwi risasi.

Asubuhi tukavuka seng'enge, kisha tukasimama. Hakuna aliyeinua jembe. Jirani yangu mmoja akanigeukia.

"Sekreteri, unangoja nini? Ita majina."

Nilicheka moyoni. Tulikuja kuchukua malisho ya mtu, na bado tulitaka alama zake. Lakini niliwaelewa. Mambo yakienda vizuri, ardhi ingegawanywa kwa kufuata daftari. Yakienda vibaya, angalau Jumanne haijapotea. Nikaita, na kila nyumba ikaitika isipokuwa moja.

Dada yangu mkubwa hakuwapo. Nikaandika sifuri. Alifika watu wakiwa wameshaanza kulima, anahema, kwa sababu mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa.

"Unaniwekea zero, na unajua mutoto iko mugonjwa?"

Alikuwa anatabasamu. Ndiye aliyenilea, hakuwa na sababu ya kuniogopa. Nikapitisha biki juu ya sifuri mpaka ikawa alama, kisha nikamwelekeza ukingoni, karibu na barabara, kama sheria yetu ilivyotaka. Akaenda akinitania kwamba hata mbinguni nitaomba daftari mlangoni.

Polisi walikuja kwa barabara hiyo, jipi mbili. Kamanda akauliza kiongozi wetu ni nani. Hatukuwa na kiongozi. Akatuamuru tutoke. Mtu mmoja akamjibu kwamba tukimaliza mistari tutatoka. Walipiga hewani, halafu hawakupiga hewani tena. Ninachokumbuka ni kwamba nilifunika biki yangu, nikaitia mfukoni, nikaingiza daftari ndani ya shati, ndipo nikakimbia. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kitu kingine.

Walikufa watu watatu. Wanaume wawili walikufa palepale. Dada yangu tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti inayobebwa mabegani, kuelekea kituo cha afya. Akanyamaza njiani. Wabebaji waliendelea kupokezana mpaka mtu akasema tugeuke. Sikulia. Nilikuwa nawaza kama jembe lake limebaki kule.

Tukamzika. Kisha redio ikasoma maneno ya polisi: wanaume wawili walikuwa majambazi wenye silaha, na mwanamke alikuwa mpita njia aliyepatwa na risasi kwa bahati mbaya. Tukaambiwa tume ya uchunguzi inakuja, na itataka kujua nani alikuwa shambani. Mashahidi hawakuwapo, kila mtu alikuwa ameshasema siku ile alikwenda sokoni. Ushahidi pekee ulikuwa chini ya godoro langu.

"Mutoto yangu hakukuwa mu njia," Mama aliniambia. "Alikuwa analima. Ni weye njo uliandika jina yake. Uwaonyeshe."

Hakutaka kitu kingine. Lakini ukurasa uleule ulikuwa na majina ya kila nyumba, na majirani wawili walikuwa wamekamatwa na hawajarudi. Nilifikiria kukata jina lake tu kwa wembe, ila kijikaratasi chenye jina moja hakimshuhudii mtu. Siku moja majirani wakanitembelea. Hawakunitisha. Walileta viazi, wakakaa, wakaongea habari za mvua, wakaondoka bila kulitaja daftari. Niliwaelewa vizuri sana.

Nililichoma Jumapili, Mama akiwa misani, kwa sababu niliogopa macho yake kuliko polisi. Aliporudi aliikuta waya ya daftari ndani ya majivu. Aliitoa kwa kijiti, akaiacha ipoe, akafungia nayo mlango wa kibanda cha kuku. Afadhali angenipiga. Tume ilikuja, ikaandika mpita njia, ikaondoka.

Wiki iliyofuata tulirudi kwenye salongo. Watu wanashangaa nikiwaambia hivyo, lakini maharage ya mteremko yalikuwa yanakaribia kukomaa, na watoto wanakula. Kapita alinipa daftari jipya, akataka niandike majina upya. Niliyaandika kwa kumbukumbu, kwa mpangilio wa zamani. Mkono uliliandika la dada yangu mahali pake, nami sikugundua mpaka Jumanne, nilipolisoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Hakuna aliyeitika. Kapita akageuka kunitazama. Sifuri tatu tu, na kipande cha watoto wa dada kingekwenda kwa mwingine. Biki yangu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Iko," Mama alisema. "Niko hapa pahali yake."

Jina lake mwenyewe alikuwa ameshaliitikia. Alikuwa na mtoto wa mwisho wa dada mgongoni, na mkononi jembe la dada. Sijui alikwenda kulitafuta lini kule juu. Kapita akageukia tena shamba. Niliweka alama, nikaita jina lililofuata. Siku ile Mama alilima mistari miwili, nami sikumsaidia, kwa sababu anayeshika daftari halimi.