Ng'ombe Niliyekataa Kumchinja

Siku niliyorudi kijijini kwetu Kinampanda likizo yangu ya kwanza kutoka Ujerumani naikumbuka vizuri, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu na wewe karibuni unapanda ndege kwenda kusomea uuguzi kulekule, na tayari nimesikia ndugu wameanza kukutajia mahitaji yao.

Nilishuka kwenye gari na begi moja na koti lililochakaa viwiko. Mama alinikumbatia, wala hakulitazama begi. Aliyelitazama ni baba mdogo Elia, mdogo wake marehemu baba. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Jumamosi tunachinja ng'ombe. Kijiji nimeshakialika. Utalipia wewe, si umetoka Ulaya?"

Nikamwomba akae kwanza nimweleze hiyo Ulaya yenyewe.

Nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao yao huku nikisoma. Chumba nilipanga kwa mjane mmoja, Bibi Helga. Baridi ya kwanza nilifungua hita mpaka mwisho, na dirisha nikaliacha wazi kidogo nipate hewa. Bibi akabisha hodi, akatazama, akauliza, "Binti, unaipasha joto barabara ya nje?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba joto lile lina bili yake mwisho wa mwaka, na wapo wanaolia wakifungua bahasha. Akanionyesha namna: zima hita, fungua madirisha yote kwa muda mfupi, funga, washa kidogo, vaa sweta.

Kwake nilijifunza na mengine. Mkate nilinunua duka likikaribia kufungwa, wakati wanapunguza bei. Maji nilikunywa ya bomba. Mfuko wa kitambaa nilitembea nao, chakula cha mchana nilibeba kutoka nyumbani. Chupa tupu nilizirudisha dukani, maana kule ukinunua soda unaweka na hela ya chupa, ukiirudisha wanakupa hela yako. Wenzangu wa kutoka huku nyumbani walinicheka wakiniona kwenye basi na zile chupa zikigongana. Niliwaacha wacheke. Kodi ya chumba hawakunilipia wao.

Hayo yote nilimweleza baba mdogo, mama akisikiliza. Mwisho baba mdogo akasema, "Kwa hiyo unataka nionekane mwongo kijiji kizima?"

"Hapana, baba mdogo. Heshima yako naijua, na shikamoo nitakupa asubuhi na jioni. Lakini ng'ombe sichinji. Hela hii nimeivalia sweta ndani ya nyumba."

Akainuka, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi watu walikuja kweli. Nikawapikia ugali, maharage na kuku wawili wa mama. Nikigawa mboga sikuinamisha uso. Wengine walikula huku wakinung'unika. Mmoja akaniita Mjerumani, na jina likanishika mpaka leo. Ndipo mama akaja kukaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kuleni, wageni wetu. Hiki ndicho tulichonacho."

Ile hela iliezeka nyumba ya mama kwa bati. Iliyofuata baadaye, ya mwaka hadi mwaka, ilinunua mashine ya kukamua alizeti. Baba mdogo hakukanyaga kwetu mpaka misimu miwili ya kilimo ikapita. Alipokuja, nami nipo likizo tena, alikuja na magunia yake ya alizeti. Nikamwamkia, nikamkamulia, akalipa kama wengine. Habari ya ng'ombe hatukuigusa. Wapo wanaosema nilikuwa na roho ngumu. Nilikuwa nayo, na radhi sijaomba.

Basi sikia, mwanangu. Kule utaishi kwa kubana vitu vidogo vidogo ambavyo huku hakuna atakayeviona, na wanaokusubiri watadhani hela inaokotwa. Usione aibu kubana, na usimwombe mtu ruhusa. Mama yako msaidie, mgonjwa msaidie, ada ya mdogo wako lipa ukiweza. Anayetaka tu uonekane tajiri, mwamkie vizuri, kisha mwambie hapana. Atakasirika. Mwache akasirike, kesho mwamkie tena.

Mungu akutangulie, akupe afya, na akupe watu wa kukuambia ukweli huko ugenini. Uende ukiwa wetu, urudi ukiwa wetu.