Nguvu ya Kuinua

Nilikuwa nimeinama sokoni Gakoromone nikichagua viazi niliposikia sauti ya mwanamke nyuma yangu ikimwambia muuzaji, "Funika hiyo mali yako, mama. Mlima umejificha tangu saa nne. Saa nane hii ni mvua." Sikuhitaji kugeuka. Sauti hiyo ilinifundisha mawingu mwaka mzima.

Alikuwa mwalimu wetu wa hali ya hewa katika chuo cha ufundi hapa Meru, siku zile chuo kilipokuwa na darasa moja la nadharia ya urukaji wa ndege. Sasa amestaafu na analima viazi kwao Kiirua. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani, nikamwambia kwamba siku hizi nafundisha nadharia hiyohiyo ya ndege chuoni Embu. Alinitazama kwa muda, mfuko wa kitunguu mkononi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Si wewe ndio ule wa Bonde la Ufa?"

Yaani kwa maksi zote nilizopata, kilichobaki kichwani mwa mwalimu wangu ni kituko kile kimoja. Nilicheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

Chuo chetu hakikuwa na ndege. Kilikuwa na rafadha moja, ile feni ya mbele ya ndege, iliyopinda ncha, imetundikwa ukutani juu ya ubao, na wanafunzi kumi na wanane ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda chombo kinachoruka. Walimu wa nadharia walikuwa wawili. Mmoja ni huyu mama, ambaye kila asubuhi alitutoa nje tuutazame mlima na kuandika tulichokiona kabla haujafunikwa. Wa pili alikuwa mwanamume mrefu wa kutoka Kiritiri, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, chaki zake amezipanga ndani ya mkebe wa peremende. Yeye ndiye aliyetufundisha kwa nini ndege haianguki.

Kwao Umbeere, kama kwa wengi wa huku kwetu, herufi l haikupewa kiti. Akisema Kiswahili, mwalimu alikuwa mwarimu na lala ilikuwa rara, na hakuna aliyejali, kwa sababu nasi tulikuwa na yetu. Mimi mwenyewe hadi leo nikichoka dawa hunitoka ndawa. Lakini ile nguvu inayoishika ndege hewani Waingereza wanaiita lift, na yeye aliiita rift. Rift ni lile Bonde la Ufa. Basi kila alipochora bawa ubaoni na kuandika mshale wa kwenda juu, alitangaza kwa sauti yake nzito kwamba bila Bonde la Ufa hakuna ndege itakayoruka. Tulizikwa na vicheko chini ya madawati. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa na mwigaji wa walimu, na nilimwiga vizuri kuliko wote.

Siku moja, katika kipindi chake, walikuja wageni kukagua kozi. Waliketi nyuma, mmoja akaniomba nisimame nitaje nguvu nne zinazoitawala ndege. Ningeweza kujibu kama mtu mwenye adabu. Lakini niliona wenzangu wananitazama, midomo imebanwa tayari, na ulimi hauna mfupa. Nikaifanya sauti yangu kuwa nzito, nikaweka mkono mfukoni kama yeye, nikasema, "Ya kwanza, rift."

Darasa lilivunjika mbavu. Wageni nao wakacheka. Mwalimu akatabasamu, akageuka, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Kipindi kilichofuata aliingia na kuandika ubaoni kwa Kiswahili: nguvu ya kuinua, uzito, msukumo, ukinzani. Akasema, "Sasa tutaongea maneno ya kufahamika." Akachana ukanda wa karatasi, akaushika chini ya mdomo, akapuliza juu yake, na ukanda uliokuwa umelegea ukainuka. Akatusimulia juu ya mwewe wa kwao Kiritiri, anayengoja miamba ipate moto ndipo aondoke mtini, kisha anatandaza mabawa na kupanda juu ya joto hilo bila kuyapiga hata mara moja. Niliandika kila kitu. Kwa mara ya kwanza nilielewa, kabisa, kama mtu aliyewashiwa taa. Mtihani ulikuja kwa Kiingereza nami nikaujibu kwa Kiingereza, lakini nilifikiri kwa Kiswahili chake. Neno lile la lift hakulitamka tena hadi tulipomaliza.

Sisi tulidhani ni mtaalamu wa Kiswahili. Nami niliendelea kudhani hivyo miaka mingi, mpaka siku nilipokuwa Embu nikiandaa maandalio ya somo langu la kwanza. Niliandika yale maneno yake manne, nikayasoma kwa sauti kama ninavyopenda kufanya, na mkono ukasimama. Kuinua. Uzito. Msukumo. Ukinzani. Hayana l wala r. Hata moja.

Alikuwa ameenda nyumbani siku ile, akaketi mahali, akachambua lugha kama mtu anayechambua mawe kwenye punje za ndengu, mpaka akapata maneno manne ambayo sisi hatungeweza kuyacheka. Na yalikuwa maneno mazuri. Ndiyo ninayofundishia mpaka sasa. Wanafunzi wangu hunisifu kwamba naeleza vizuri, na kila wakinisifu natamani kuzama ardhini.

Nimekikumbuka chuo kile kwa namna nyingi, lakini ninachokitamani zaidi ni kitu kidogo cha ajabu. Nataka kumsikia akilisema lile neno kama alivyolisema kabla sijamwiga, kwa sauti yake nzito, bila kuogopa mtu. Nimelitamani kama mtu anavyotamani chakula cha mamake.

Haya yote nilimwambia mwalimu wa hali ya hewa palepale kati ya magunia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na mimi unaniambia ya nini?" akaniuliza. "Mwenyewe yuko kwake Kiritiri, anachunga mbuzi. Masikio yake ni mazima. Enda umwambie yeye."

Nilienda Jumamosi, nikiwa na kilo mbili za sukari na majani chai. Nilimkuta nyuma ya nyumba akirekebisha ua wa miiba, na kabla hajaniona nilimsikia akimfokea beberu mmoja kwa Kimbeere, r zake zote zikibingirika. Moyo wangu ulifurahi mno. Alinitambua mara moja. Aliniletea kiti, mkewe akaleta uji, tukaongea habari za mvua iliyokosa kuja na bei ya ndengu.

Kisha nikamwambia. Nilisema siku ile ya wageni nilimkosea, kwamba nilikuwa mjinga mwenye kutafuta sifa, na kwamba naomba anisamehe.

Aliweka kikombe chini. "Hayo yarikwisha kitambo, mwarimu," akasema. "Si uriniona niricheka?"

Aliniita mwarimu. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Alinisamehe bila hata kusubiri nimalize, kwa mdomo wake wenyewe, na nikajiambia kwamba sasa basi, nimeutua mzigo.

Jua lilikuwa limepanda na mawe ya kilimani yameshika moto. Mwewe akatoka kwenye mgunga ng'ambo ya ua, akatandaza mabawa, akaanza kuzunguka akipanda, bila kupiga bawa. Mwalimu alisimama, akainua kidole chake kama aliyeshika chaki.

"Umemwona?" akasema. "Hiyo sasa ndiyo..."

Nilimwona akinitupia jicho, haraka, na mdomo wake ukafunguka kidogo ukafungwa. Nikangoja. Nilitaka kumwambia sema tu, mwalimu, hakuna wa kucheka hapa, lakini macho yangu yakarudi kwenye kikombe cha uji.

"Hiyo ndiyo nguvu ya kuinua," akasema taratibu, akaketi.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu, nikauinua uji wangu nikanywa.