Kitabu cha Bei ya Kesho Kimenivunja Mkono, Sasa Wanamtaka Rafiki Yangu

Mhariri wa ukurasa huu, ficha jina langu, lakini sifa zangu ziache. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi mtaa wa Pioneer hapa Eldoret, mke mmoja, watoto watatu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini nimekuwa taniboi, yaani utingo wa lori, mpaka Kampala na Kigali, na hakuna soko ambalo mama wa chai hanijui kwa jina. Siku hizi nanunua viazi Timboroa. Leo naandika kwa mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia waliuvunja.

Kule Kampala mfanyabiashara wa kahawa aliniambia wazungu hununua mazao yakiwa bado shambani, bei inakubaliwa leo, mzigo unakuja miezi kadhaa mbele. Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Nikamchukua rafiki yangu wa kabila la upande wa ziwa, mtu wa hesabu, tumwite Mwalimu ingawa kazi yake si hiyo, tukaenda duka la vitabu kuukuu mjini. Tukapata viwili vya biashara hiyo. Kimoja chembamba, cha kuanzia. Kingine kinene kama tofali, kimejaa hesabu za herufi za Kigiriki, za kukadiria bei itaruka namna gani.

"Anza na hiki kidogo," Mwalimu akasema. "Kinaeleza mapatano yenyewe, na mkulima akipatwa na janga mnafanyaje."

"Mtu amefika Kigali, unampa kitabu cha watoto?"

Nikabeba tofali. Alinifundisha zile herufi jioni baada ya kazi, nikashika labda robo. Nikapanda nalo Timboroa, nikasimama juu ya gunia la viazi, nikalifungua mbele ya wakulima. "Hiki kinajua bei ya kesho!" Walicheka, wakashangaa, wakakubali kuniuzia mavuno kwa bei ya siku ile, tukashikana mikono. Wa kwanza alikuwa Mzee, baba mkwe wangu.

Kuvuna kukikaribia, baridi kali ilishuka ikachoma mashamba ya juu, majani yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Viazi vichache vilivyobaki, bei ikapaa. Naapa sikwenda kuwadai. Nilipanda na mke wangu kuwaambia mapatano tuyavunje, kila mtu auze anavyotaka. Sikumaliza hata salamu, mkulima mmoja akapaza sauti.

"Ndiye huyu! Aliiona baridi kwenye kitabu akaiita!"

Mpini wa jembe ukanishukia, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. "Hesabu hiyo, msomi wa Kigali!" Mwingine akanipiga teke la mdomo, nikatema meno. "Ongeza na hiyo!" Nililala matopeni wakinikanyaga, damu imeziba macho, nikasikia sauti ya shemeji yangu, yule niliyemnunulia suti ya harusi, akisema leteni petroli. Mke wangu akajitupa juu yangu. Wakampasua kichwa kwa rungu kabla Mzee hajapiga kelele wamwache binti yake.

Sasa mke wangu yuko kwao na watoto, kichwa kimeshonwa. Mzee alikuja kuniona hospitali, kofia mkononi.

"Kijana, sitaki ufe. Plasta ikitolewa, njoo mbele ya watu, choma kile kitabu, umtaje aliyekufundisha zile alama. Watajua ulipotoshwa. Utamchukua mke wako na watoto."

"Na huyo aliyenifundisha, Mzee?"

Akatazama dirishani. "Huyo si wa kwetu."

Ndugu wasomaji, huyo ndiye huja kila siku na chupa ya uji. Ananinywesha kwa kijiko huku ananisomea kile kitabu chembamba, na naona kweli ningeanza nacho. Ana mke na kitoto cha kike kinachoniita mjomba. Hajui lolote.

Kitabu nitachoma, hata vyote viwili. Lakini nikimtaja, ile petroli itamfuata yeye. Nikisema nilijifundisha mwenyewe, basi mchawi ni mimi, na petroli ni yangu. Nikinyamaza, watoto watalelewa wakiambiwa baba yao aliua viazi.

Mimi huwa na jibu la kila kitu, waulizeni Pioneer nzima. Hapa sina. Plasta inatolewa hivi karibuni. Nyinyi mngekuwa mimi, mngesema nini mbele ya watu wale?