Baba Anamngoja Fundi wa Dar, na Fundi Mwenyewe Ni Mimi

Habari zenu wana ukurasa. Admini, jina langu lifiche kabisa, maana huku Gongoni ukikohoa tu jirani anakuuliza unatumia dawa gani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ufundi wa magari. Ndiyo, magari. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalize, halafu anisikilize.

Kazi hii alinifundisha baba. Ana pikapu ya zamani, ya tangu sijazaliwa, aliyobebea tumbaku na asali kutoka Goweko kuja mjini mpaka ikachoka, ikawekwa juu ya mawe uani. Mwaka jana alipata kiharusi, upande mmoja ukalegea. Aliporudi kutoka hospitali aliomba kitu kimoja tu: pikapu iamke, impeleke kwao Goweko akiwa kiti cha mbele, awasalimie ndugu zake "mwangaluka" kupitia dirishani. Baada ya hapo, alisema, Mungu afanye apendavyo.

Nikaifungua injini. Baba akawekewa kiti pembeni, ananielekeza kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Mimi nilitaka niifunge kama ilivyokuwa zamani, akakataa. "Mwanangu, ile ilikuwa inalia sana ikikutana na mchanga. Safari hii iwe na nguvu, ila si nguvu ya mashindano. Nataka ukigusa mafuta kidogo tu, inatoka." Basi silinda zikachongwa zikapanuka, nikaweka pistoni kubwa zaidi, kamshafti inayovuta vizuri kwenye mwendo mdogo, na kabureta ya midomo miwili. Kila nati niliikaza mimi. Siku ilipowaka ilinguruma taratibu, haitikisiki, na baba akalia. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Sasa, injini iliyotoka kufungwa haikanyagwi. Unaiendesha polepole kwanza, bila mzigo, vyuma vizoeane, umwage oili uweke nyingine, ndipo uifungulie. Nilimwomba baba avumilie kidogo kabla ya Goweko, akakubali.

Hapo ndipo akatua mdogo wangu wa kiume kutoka Dar, amekuja kwenye harusi ya binamu yetu. Gari la matarumbeta lilikuwa limeharibika. "Dada, nipe ufunguo, msafara mfupi tu," akaniambia. Nikamkatalia, nikamweleza sababu kama ninavyowaeleza nyinyi. Nikaenda sokoni. Niliporudi, ufunguo haupo chumbani kwangu na pikapu haipo uani.

Huko aliwapakia wapiga matarumbeta wote nyuma na madude yao, akatangulia msafara kwa mwendo wa konokono kwenye jua la mchana, injini ikachemka. Haikumtosha. Walipomaliza akatoka na wenzake barabara ya Nzega, akaikanyaga kushindana na gari la bwana harusi. Ninayo video kwenye simu, wamejirekodi wenyewe wakishangilia. Jioni pikapu ilirudi inavutwa kwa kamba. Imenoki. Nilipoifungua nilikuta beringi zimeungua na pistoni zimeng'ang'ania.

Kilichoniumiza zaidi ni alichomwambia baba. Eti aliendesha taratibu mpaka ukumbini, injini ikafa yenyewe kwa sababu dada hakuikaza vizuri. Na baba akaamini! Mzee aliyeniona nikikaza nati moja baada ya nyingine alinitazama akasema, "Nilikosea. Kazi ya wanaume ningempa mwanaume." Tangu siku hiyo nikimwambia shikamoo anageuzia uso ukutani. Namwosha, namlisha, nambadilisha shuka, na marahaba yake sipati.

Wiki iliyopita mdogo wangu akapiga simu, sauti imelainika.

"Dada, vifaa nanunua mimi. Nimeshamwambia baba naleta fundi kutoka Dar. Wewe ifungie huko gereji kwako, nitatafuta mtu avae ovaroli aje amkabidhi mzee."

"Kwa nini usimwambie ukweli?"

"Dada, baba anataka safari, hataki kujua nani kakaza nati. Usiwe na roho ngumu."

Roho ngumu ninayo mimi! Nilikata simu, nikakaa chini nikatukana peke yangu.

Sasa baba ananiuliza kila asubuhi, bila kunitazama, kama fundi wa Dar ameshafika. Video naweza kumwonyesha leo hii. Lakini yule ndiye mtoto wake wa kiume pekee, baba anajivunia mpaka jina lake, na daktari ametuonya mzee asipate mshtuko. Nikikaa kimya nikaifunga, mtu aliyeazima ovaroli atashikwa mkono na kushukuriwa machozi yakimtoka mzee, na mimi nitakuwa nimesimama pale pale na mikono yenye grisi.

Na muda hautungoji, kila siku anazidi kunyong'onyea. Goweko atafika tu, makaburi ya kwao yako huko. Ni ama afike amekaa kiti cha mbele, au afike amelazwa nyuma.

Ndugu zangu, msinipe matusi, nipeni ushauri. Mngekuwa mimi, kesho asubuhi mngeshika spana au mngeshika simu?