Siku Binti Yangu Aliponikataza Kuingia Chooni

Binti yetu alipotimiza miaka minne alijua mambo mengi. Alijua kuhesabu vifungo kwenye kopo langu, na alijua kutofautisha uzi mweusi na uzi wa kahawia iliyokolea, jambo linalonishinda mimi kukiwa na mawingu. Lakini akimaliza haja chooni, alikaa palepale akaita, "Nimemaliza!" mpaka wapangaji wa ploti nzima wakasikia, nami nikaacha cherehani nikapanda ngazi kwenda kumpanguza.

Mimi ni fundi wa nguo, na duka langu liko chini ya nyumba tunamoishi, hapa mtaani Umoja. Mke wangu hutoka asubuhi kwenda ofisini mjini, kwa hivyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilimpanguza harakaharaka, nikampandisha suruali, nikarudi kwa mteja.

Kisha akaanza kulia kila akikojoa. Siku ya pili nikambeba mgongoni kwa shuka, nikampeleka kliniki, watu wakinitazama njia nzima. Daktari, mama mmoja mpole, alipima mkojo akasema ni maambukizi, dawa zitamponya. Halafu akaniuliza, "Nani humpanguza huyu mtoto?"

"Ni mimi."

"Unapanguza kuelekea wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Mkono wangu ulijibu kabla ya mdomo: ulipita hewani, kutoka nyuma kuja mbele. Daktari akatikisa kichwa.

"Mbele kwenda nyuma, baba. Siku zote. Uchafu wa nyuma ukifika mbele, ndio unaleta haya. Na anza kumfundisha ajifanyie mwenyewe. Si Januari anaingia shule? Mwalimu hatamfuata chooni."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu hata sikuweza kushona. Mke wangu alipofika nilimweleza yote. Akasema, "Sikukuambia kwa sababu nilidhani unajua." Hatukulaumiana. Tulikubaliana kwamba mtoto akipona tu, masomo yaanze.

Nilianzia kwa jambo ninaloliweza, yaani kukunja. Nilimweka juu ya meza ya kukatia nguo, nikampa vipande vya tishu, nikamwonyesha: kunja, panguza, tazama. Ikiwa chafu, chukua nyingine. Tulifanya mazoezi kwa mwanasesere wake tuliyempaka uji. Alipenda sana. Alimpanguza mwanasesere yule siku nzima, mbele kwenda nyuma, akimkaripia, "Usinyanyuke, bado."

Kwake mwenyewe mambo yalikuwa mengine. Mkono haukufika vizuri, tishu ilichanika, kidole kikachafuka, akalia kwa kwikwi akasema hataki tena kwenda chooni kabisa. Na kweli, siku mbili hakwenda. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Hapo niliogopa.

Aliyetuokoa ni jirani yetu wa mlango wa pili, mama Mwislamu aliyelea watoto sita. Alimsikia akilia, akaja na birika dogo la plastiki lenye mdomo mrefu.

"Mwanangu, karatasi peke yake itamchosha," aliniambia. "Mpe maji."

Alimchutamisha binti yangu ukumbini akiwa na nguo zake, akamwekea birika mkono wa kulia. "Huu unamimina. Wa kushoto unaosha. Ukimaliza unajikausha kwa tishu, kisha sabuni, mikono yote miwili. Wa kulia usiuonee wivu wa kushoto, yote inafanya kazi." Binti yangu akacheka huku machozi bado yako shavuni. Jioni ile nilimpa mapapai na maji mengi ya kunywa, na asubuhi tumbo likafunguka. Aliosha nusu, mimi nikamalizia. Wiki iliyofuata nilikuwa nakagua tu.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Nilikuwa nimempima mteja kiuno, pini zimejaa mdomoni, nikakumbuka kwamba mtoto aliingia chooni kitambo na sijasikia kuitwa. Nilimwacha mteja amevaa suruali niliyokwisha kuishona mguu mmoja tu, nikapanda ngazi mbilimbili. Mke wangu alikuwa tayari mlangoni, nguo mbichi mkononi. Jirani naye akatoka.

Nikabisha. "Uko sawa?"

"Baba, usiingie. Naosha."

Tulitazamana. Tukasikia maji yakimiminika, kimya, yakimiminika tena. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na ndani mle hapakuwa na lolote ila mtoto na birika. Tukasikia akijisemea, "Mbele kwenda nyuma. Tazama. Nyeupe." Kisha mfereji ukafunguliwa, sabuni ikaanguka, ikaokotwa.

Akatoka amelowa mpaka viwiko, gauni limeingia ndani ya chupi, na nusu ya tishu imekwisha. Jirani alipiga kigelegele. Mke wangu akamwinua juu, nami nikasahau pini mdomoni, nikataka kucheka, nikajichoma mdomo. Mteja wangu alikuwa amepanda ngazi na mguu wake mmoja wa suruali kuona kumetokea nini. Alipoambiwa, alimpa mtoto mkono kwa heshima, kama wanavyopeana watu wazima. Kwanza alimuuliza, "Umenawa?" Akaonyeshwa viganja vyote viwili.

Mke wangu hakungoja. Alimpigia simu mama yake kule magharibi. "Hiyo tu ndiyo habari uliyonipigia?" nikamsikia mama mkwe akiuliza, kisha akacheka na kuomba apewe mjukuu.

Binti yangu aliishika simu kwa mikono miwili, akasikiliza pongezi mpaka mwisho, akauliza kwa upole:

"Nyanya, na wewe huwa unajiosha mwenyewe?"