Yatima wa Tembo Halishwi na Mkono Mmoja

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, wanaume wa kwetu Kaoze walimkokota mtoto wa tembo kutoka kwenye tope la mtoni. Mama yake alikuwa amenasa hapo hapo, akafa. Walimleta kwetu kwa sababu zizi letu la ndama lilikuwa tupu. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akapanda kwenda Sumbawanga kutafuta lori. Barabara ya mlimani enzi zile, mvua ikinyesha, ilikuwa haina ahadi.

Bibi, mama yake baba, aliweka mwiko siku ile ile.

"Yatima wa tembo halishwi na mkono mmoja. Akiufunga moyo wake kwa mtu mmoja, siku mtu huyo akikosekana, anamfuata mama yake."

Tukapangiwa zamu: bibi, mama, shangazi na mimi. Mwenye zamu alimpa uji mwepesi wa ulezi wenye maziwa ya mbuzi, kisha akalala naye zizini, maana tembo mdogo hajui kulala peke yake.

Mwiko niliuvunja, tena si kwa kusahau. Alikuwa akiingiza mkonga kwapani mwangu na kupumua humo, nami nikajiona nimezaa. Shangazi alikuwa mvivu wa kuamka. Nikachukua zamu yake. Mama alichoshwa na palizi. Nikachukua na yake. Bibi nilimwambia apumzishe mgongo, mama atalala zizini. Hakulala mama, nililala mimi.

Siku ya sita homa ikaniangusha. Mama akapeleka uji, ndama yule wa tembo akageuza uso. Shangazi akapeleka, ndama akaumwaga. Kesho yake masikio yalikuwa yamelala, hata nzi hafukuzi. Nilimsikia baba nje akisema, "Huyu hafiki kesho kutwa."

Bibi akaja kukaa kitandani kwangu.

"Mke mwenzangu," ndivyo alivyoniita kwa utani, ila siku ile hakucheka, "umelala naye siku ngapi?"

"Zote, bibi."

Nilingoja kofi. Badala yake alinivua kaniki niliyojifunga, imelowa jasho la homa, akajitanda yeye, akatoka nayo.

Ndama aliinusa. Akainusa tena. Halafu akanywa.

Jioni kaniki ikaenda kwa mama, kesho yake kwa shangazi.

"Wifi, mbona nanuka kikojozi!" shangazi alimlalamikia mama.

"Nuka tu," bibi akadakia. "Ungelala zamu yako usingenuka."

Kila siku harufu yangu ilipungua na zao zikaongezeka, hata kaniki ikawa si ya mtu mmoja. Nilipopona nilikatazwa zizi. Nilichungulia kwenye ufa, nikamwona akinywa mikononi mwa shangazi, nikalia kwa wivu. Lori lilipofika, bwana nyama mwenyewe alifungwa kaniki ile juu ya sare yake, kijiji kizima kikicheka, na ndama akamfuata mpaka ndani ya lori.

Mimi shule sikuiona. Lakini wanaosema miiko ya wazee ilikuwa ujinga mtupu, huwa nawaangalia tu. Bibi angetuambia, "Tafadhali saidianeni," nani angemsikiliza? Aliposema kifo, watatu kati yetu bado walisinzia, na mmoja akadanganya.

Binti yangu alipofariki akaacha mtoto wa miezi mitatu, nilimpitisha kila mgongo: kwa dada zangu, kwa jirani, kwa mke wa mwanangu. Alilala leo huku, kesho kule. Wenzangu wa jumuiya ya kanisani walinong'ona kwamba sina uchungu na damu yangu. Uchungu nilikuwa nao mwingi, na usiku wa zamu za wengine nilikuwa nikikumbatia mto.

Mwaka jana nililazwa hospitali ya Sumbawanga wiki tatu. Kila aliyekuja kunitazama nilimuuliza neno moja, "Mtoto anakula?"

"Anakula, mama. Anakula na kucheza."

Nikageukia ukutani, nikalia kidogo, kisha nikapata usingizi.